Ganzi ya ukuta wa tumbo baada ya kutolewa mfuko wa nyongo

Mfuko wa nyongo ukitolewa kwa matundu madogo badala ya kupasua tumbo, matundu huwa manne: mawili ya takribani milimita 10, kitovuni na chini ya chembe ya moyo, na mawili ya milimita 5 upande wa kulia. Ganzi ninayochoma inatuliza matundu hayo tu. Kidonda cha ndani, pale mfuko ulipobanduliwa kwenye ini, haikifikii. Wala haifiki kwenye bega la kulia linalouma kesho yake. Hilo ni gesi ya kupanulia tumbo iliyobaki ikisumbua kiwambo cha kupumulia, ambacho neva yake inatoka shingoni, ndiyo maana uchungu unasikika begani. Dawa yake ni daktari wa upasuaji kuikamua gesi vizuri kabla ya kuchomoa mirija ya kwenye matundu.

Nachoma chini ya ukingo wa mbavu, pande zote mbili, mgonjwa akiwa usingizini. Kwa altrasaundi natafuta mpaka kati ya msuli ulionyooka wa mbele na ule wa ndani kabisa. Dawa ikikaa mahali pake, mstari mweusi unafunguka katikati. Msuli ukivimba kama andazi, ujue sindano imo ndani ya nyama, irudishe. Na upande wa kulia usizame, ini liko karibu.

Hesabu ndiyo inayoponza watu. Kwa mgonjwa wa kilo 60 (za mzani, si za kukisia), bupivakeini, yaani dawa ya ganzi yenyewe, isizidi miligramu 2 kwa kilo, yaani miligramu 120. Ya asilimia 0.25 ina miligramu 2.5 kwa mililita, hivyo mililita 20 kila upande ni jumla ya miligramu 100. Zimebaki mililita 8 tu. Sasa wakati wa kushona, daktari anamwomba nesi mililita 20 za asilimia 0.5 azungushie matundu: 100 nyingine! Ndiyo maana naandika kipimo ubaoni kabla sijagusa sindano. Dawa ikizidi huwa sumu, na aliyelala hawezi kusema ulimi unamfa ganzi. Utaona moyo ukienda mrama kwanza. Mafuta ya mshipani ya asilimia 20, ya kumwokoa aliyezidishiwa, yawe thieta: mililita 1.5 kwa kilo, kwake 90, papo hapo.

Kama altrasaundi haipo, daktari achome matundu yenyewe kwa kipimo hichohicho. Si aibu, inasaidia.

Ganzi huisha baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi usiku. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 ianze mapema, hasa kwa anayepanda daladala kurudi Marangu kutoka Moshi mjini. Maumivu yakizidi siku ya pili badala ya kupungua, tumbo likajaa au macho yakawa ya njano, huenda nyongo inavuja. Arudi hospitali siku hiyohiyo.