Mchoro wa kalamu ni kazi kamili

Hapa Lamu kijana akichora sura ya mtu kwa kalamu, huambiwa, "Mashallah, lakini utaipaka rangi lini?" Ni imani ya siku nyingi kwamba mchoro ni matayarisho tu, na kazi kamili ni ya brashi. Naelewa inakotoka. Fundi wa milango huchora maua kwa penseli juu ya ubao, kisha patasi huila michoro yote.

Kwenye sanaa ya kuchora watu, mambo si hivyo. Mtazame Toyin Ojih Odutola, aliyezaliwa Ife, Nigeria, mwaka 1985 na kukulia Marekani. Alianza kujulikana kwa kalamu ya wino ya kawaida, hii ya kuandikia daftari. Ukiikaribia sura aliyoichora, ngozi si weusi mtupu. Ni mistari mingi iliyopandana, inayopinda kufuata shavu na taya, na nuru hutokea pale alipoacha karatasi ipumue. Brashi ingeifunika mistari hiyo, na mistari ndiyo kazi yenyewe.

Baadaye akaingiza makaa na pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu. Bado ni kuchora. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilimfanyia maonyesho ya peke yake, na mwaka 2020 ikawa zamu ya kituo cha sanaa cha Barbican, London.

Kinachotaka uangalifu zaidi huku kwetu pwani ni utunzaji. Unyevu huikunja karatasi na jua hufifisha wino wa kalamu hizo, kwa hiyo mchoro utiwe kwenye fremu ya kioo, mbali na dirisha.