Mawazo hayatoboi tumbo

Mwanafunzi akishika tumbo wiki ya mitihani, hakosi wa kumwambia: "Punguza mawazo, utapata vidonda vya tumbo." Kwa miongo mingi hata madaktari waliamini hivyo, na mgonjwa aliambiwa apumzike na atulize akili.

Mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria aliyekuwa akionekana kwenye matumbo ya wagonjwa, Helicobacter pylori. Walisema bakteria huyo ndiye chanzo kikuu cha vidonda, lakini wengi hawakuwasadiki. Basi mwaka 1984 Marshall akanywa kimiminika chenye bakteria hao (usijaribu!). Siku chache baadaye akaanza kutapika, na vipimo vikaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba kwa maambukizi. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Kichwa kinauma kwa kukesha na vitabu, mwanafunzi anameza vidonge viwili. Kesho tena viwili. Tumbo likianza kuwaka, lawama zinaenda kwa mtihani.

Si kwamba msongo hauna neno. Huvuruga usingizi na huweza kuzidisha maumivu yaliyopo. Kulala vizuri, kutembea kidogo na kumweleza mtu yanayokusibu husaidia sana, ila haviui bakteria. Maumivu yasiyoisha yanataka kipimo, cha pumzi au cha choo. Bakteria akionekana, hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.