Picha Ghushi Katika Tamthilia za Upelelezi: Kwa Nini Unapotea Njiani

Mpelelezi anaigeuza picha, anachungulia misumari na vibandiko vya nyuma, anatabasamu, kisha tukio linakatika. Wewe sebuleni unabaki kuuliza: kaona nini? Mimi huwa narudisha nyuma hata mara tatu. Siku hizi naamini hadithi zenyewe si ngumu kivile. Tunazitazama tukiwa tumeshika dhana zisizo sahihi.

Dhana: mghushi hunakili picha maarufu

Hiyo ingekuwa biashara kichaa. Picha maarufu kila mtu anajua imetundikwa wapi, nani atanunua ya pili? Mghushi hodari huchora picha ambayo haikuwahi kuwepo, kisha hudai kwamba ilipotea na sasa imeonekana. Mholanzi Han van Meegeren hakunakili hata kazi moja ya Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alipochora Kristo akiwa mezani kule Emau. Aliibuni mwenyewe juu ya kitambaa cha picha kuukuu, akachanganya rangi na kemikali za bakelaiti (aina ya plastiki ngumu), akaioka ikakauka kama ya miaka 300. Mwaka 1937 Abraham Bredius, bingwa wa mambo ya Vermeer, akaisifu mno, nayo ikanunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Boijmans mjini Rotterdam.

Kwa hiyo mhusika akisema "picha hii haijawahi kuonekana hadharani," hapo tega sikio.

Dhana: mchoraji ndiye kichwa cha genge

Aghalabu sivyo. Kuchora kwa mtindo wa mtu mwingine si kosa. Kosa huanza pale picha inapouzwa kwa uongo. Na uongo huo huhitaji karatasi: risiti, barua, katalogi za maonyesho ya zamani, majina ya waliowahi kuimiliki. Uingereza, John Myatt alichora picha ghushi zipatazo 200, lakini aliyeendesha mambo ni John Drewe. Huyu alipenyeza nyaraka bandia ndani ya hifadhi za taasisi kubwa, makumbusho ya sanaa ya Tate ikiwamo, ili mtafiti akienda kuhakiki akute uongo umeshamtangulia kwenye faili. Mwaka 1999 Myatt alifungwa mwaka mmoja, Drewe miaka sita.

Ujerumani kulikuwa na ujanja mtamu zaidi. Wolfgang Beltracchi alimvika mkewe Helene nguo za kizamani, akamketisha mezani, picha ghushi zikiwa ukutani nyuma yake, akampiga picha na kuisafisha kwenye karatasi ya zamani. Wanunuzi wakaambiwa huyo ni bibi yake Helene, na ule ndio mkusanyiko wake. Tamthilia ikikuonyesha picha ya ukoo iliyofifia, usimtazame bibi tu, tazama ukutani.

Dhana: maabara itamaliza kesi

Maabara ina uwezo wa kuumbua uongo, lakini haina uwezo wa kuthibitisha mkono wa nani ulishika brashi. Beltracchi alinaswa kwa sababu picha iliyodaiwa kuwa ya mchoraji Mjerumani Campendonk, ya mwaka 1914, ilikutwa na rangi nyeupe ya titani, ambayo wachoraji hawakuwa nayo wakati huo. Alikuwa amenunua rangi ya tyubu, na kibandiko chake hakikuitaja titani. Lakini kama rangi zote zingelingana na mwaka ule, jibu lingekuwa "hatukuona tatizo" tu, na hilo si sawa na "ni halisi." Ndiyo maana mpelelezi anatoka maabara na kwenda moja kwa moja kwenye nyaraka.

Dhana: mtuhumiwa akikiri, mambo yamekwisha

Hapa ndipo waandishi wa tamthilia wanapotupiga chenga, na kisa halisi kinawazidi. Mwaka 1945 Van Meegeren alikamatwa kwa sababu "Vermeer" mmoja alikuwa ameuzwa kwa Hermann Göring, kiongozi wa Kinazi. Kumuuzia adui hazina ya taifa lilikuwa kosa zito kuliko kughushi. Basi akakiri: picha ile nimeichora mimi. Hawakumwamini. Ikabidi achore nyingine huku akilindwa, ili athibitishe kwamba kweli ni tapeli. Kwa hiyo mtu akikiri mapema mno, jiulize kosa gani kubwa zaidi analikimbia.

Novemba 1947 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Desemba akafa kabla hajaanza kukitumikia.