Amri ya Rais wa Marekani: inapata wapi nguvu, na inakwamia wapi

Rais wa Marekani akisaini karatasi mbele ya kamera na kuiinua juu, vyombo vya habari hutangaza kwamba jambo fulani limepigwa marufuku au limefutwa. Mara nyingi siku hiyo hakuna kilichobadilika bado. Alichosaini ni maelekezo kwa watu walio chini yake: mawaziri, wakuu wa mashirika ya serikali, maofisa wa forodha na uhamiaji. Raia wa kawaida hafungwi na karatasi hiyo moja kwa moja, isipokuwa pale ambapo Katiba au sheria iliyotungwa na Kongresi (Bunge la Marekani, lenye Seneti na Baraza la Wawakilishi) imempa Rais uwezo wa kumfunga. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza ni hili: uwezo huo ameutoa wapi?

Katiba yenyewe inampa mambo machache kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya Pili inamfanya amiri jeshi mkuu. Inamruhusu kusamehe makosa ya jinai ya serikali ya shirikisho (si ya majimbo), kufunga mikataba ikiwa theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wataafiki, na kuteua mawaziri, mabalozi na majaji kwa ridhaa ya Seneti. Inamwagiza pia ahakikishe kwamba sheria zinatekelezwa kwa uaminifu. Muswada ukimfikia ana siku 10, bila kuhesabu Jumapili, kuusaini au kuurudisha. Akiurudisha, Kongresi inaweza kuupitisha bila yeye kwa theluthi mbili ya kila baraza. Hana uwezo wa kulivunja Bunge. Hateui gavana wala mkuu wa wilaya yoyote, kwa kuwa majimbo 50 yana serikali zake. Tanzania waziri lazima awe mbunge. Marekani mtu mmoja haruhusiwi kushika vyeo hivyo viwili kwa pamoja, na seneta akikubali uwaziri huacha kiti chake.

Mipaka hiyo ilipimwa vizuri zaidi mwaka 1952. Vita vya Korea vilikuwa vinaendelea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma, na Aprili 8 Rais Harry Truman akamwamuru Waziri wa Biashara, Charles Sawyer, avitwae viwanda ili uzalishaji usisimame. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi iko vitani na jeshi linahitaji chuma. Juni 2, Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa majaji 6 dhidi ya 3. Miaka mitano kabla, Kongresi ilikuwa imelijadili wazo la kuipa serikali uwezo wa kutwaa viwanda katika migogoro ya kazi, na ililiacha. Jaji Robert Jackson akaeleza kipimo kinachotumika mpaka leo: Rais ana nguvu kubwa kabisa pale Kongresi ilipomruhusu; Kongresi ikiwa kimya, yuko kwenye eneo la mashaka; akienda kinyume na matakwa ya Kongresi, nguvu yake iko chini kabisa.

Ndiyo maana amri zenye makali zaidi huwa zimesimama juu ya sheria ya Bunge. Afrika Mashariki imeyaonja makali hayo. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000, inayoondoa ushuru kwa bidhaa nyingi za Afrika, inamwachia Rais aamue kila mwaka nchi ipi inastahili. Kwa kifungu hicho Burundi iliondolewa kuanzia Januari 2016 na Uganda kuanzia Januari 2024. Rwanda, iliyokataa kushusha ushuru wake mpya wa mitumba, ilisimamishiwa nafuu ya nguo Julai 2018. Hakuna kura iliyopigwa Kongresi katika maamuzi hayo, wala haikuhitajika. Ruhusa ilikuwa imeshatolewa.

Visa nazo ziko hivyo hivyo. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 inamruhusu Rais kusitisha kuingia kwa kundi lolote la wageni akiona kuingia kwao kuna madhara kwa taifa. Januari 2020 Rais Trump aliitumia kuwafungia Watanzania visa za bahati nasibu, na Januari 2021 Rais Biden akaifuta hatua hiyo siku yake ya kwanza ofisini. Kinachofanywa kwa saini ya mtu mmoja huondolewa kwa saini ya mwingine. Sheria ya Kongresi haiondoki hivyo.

Sasa tuwaangalie wanaopokea maelekezo. Serikali ya shirikisho ina wizara 15, mashirika mengi nje ya wizara, na watumishi wa kiraia takriban milioni 2. Rais mpya huja na nafasi za kisiasa zipatazo 4,000, na zaidi ya 1,000 kati yake zinahitaji kuidhinishwa na Seneti. Waliobaki ni watumishi wa kudumu, wanaoajiriwa kwa sifa na kulindwa dhidi ya kufukuzwa kwa sababu za kichama. Utaratibu huo ulizaliwa katika msiba. Mwaka 1881 Rais James Garfield alipigwa risasi na Charles Guiteau, aliyekuwa akiamini kwamba anastahili cheo kwa kuwa alikipigia chama debe. Mwaka 1883 Kongresi ikapitisha sheria ya kuajiri kwa mitihani. Mwanzoni iligusa takriban asilimia 10 tu ya kazi. Marais waliofuata waliipanua.

Seneti inapochelewa kuidhinisha, ofisi hukaimiwa. Sheria ya mwaka 1998 kwa kawaida inaweka kikomo cha siku 210 za kukaimu. Kikomo kikipita, au aliyekaimu akiwa hakuwekwa kwa utaratibu, maamuzi yake yanaweza kubatilishwa mahakamani hata kama yalikuwa mazuri. Hili halipewi uzito wa kutosha katika habari, ilhali limeshaangusha sera kubwa.

Amri nyingi hazina utekelezaji mpaka wizara itunge kanuni, na hapa ndipo miezi inapokwenda. Utaratibu unatokana na sheria ya mwaka 1946. Wizara huandaa rasimu. Ikiwa kanuni ni kubwa, ofisi maalumu ndani ya Ikulu huipitia, kwa kawaida ndani ya siku 90. Kisha rasimu huchapishwa kwenye Federal Register, gazeti la serikali linalotoka kila siku ya kazi, na umma hupewa muda wa kutoa maoni, mara nyingi siku 30 hadi 60. Mtu yeyote anaweza kuandika, hata asiye raia. Wizara inalazimika kuyasoma na kuzijibu hoja nzito katika maelezo ya kanuni ya mwisho. Baada ya kuchapishwa, kanuni husubiri angalau siku 30 kabla ya kuanza kutumika, au siku 60 ikiwa ni kubwa, ili Kongresi ipate nafasi ya kuikataa.

Wanaoruka hatua hizi hulipa mahakamani. Septemba 2017 serikali ilitangaza kuufuta mpango wa DACA, uliowakinga dhidi ya kufukuzwa nchini vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto bila vibali. Juni 2020 Mahakama ya Juu iliuzuia ufutaji huo kwa majaji 5 dhidi ya 4. Haikusema kwamba serikali haina uwezo wa kuufuta. Ilisema wizara haikueleza ipasavyo sababu zake, wala haikufikiria kuuacha sehemu, wala hali ya watu waliokwisha kupanga maisha yao kwa kuutegemea. Tangu uamuzi mwingine wa Mahakama hiyo wa Juni 2024, kazi ya wizara imekuwa ngumu zaidi: kwa miaka 40 majaji walikuwa wakikubali tafsiri ya wizara pale sheria isipokuwa wazi, ilimradi tafsiri hiyo ina mantiki; sasa jaji anaisoma sheria na kuamua mwenyewe.

Kuna fedha pia, na naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote. Rais hupeleka mapendekezo ya bajeti, lakini hakuna dola inayotoka hazina bila sheria ya Kongresi. Mwaka wa fedha unaanza Oktoba 1. Sheria za matumizi zisipopita, ofisi hufungwa, kama ilivyotokea kwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025. Je, Rais anaweza kukataa kutumia fedha zilizokwisha kupitishwa? Richard Nixon alijaribu kwa kiwango kikubwa, na mwaka 1974 Kongresi ikajibu kwa sheria: Rais akitaka fungu lifutwe, apeleke ombi, na anaweza kulishikilia kwa siku 45 za vikao. Kongresi isipoafiki, fedha zitumike.

Mwaka 2025 sheria hiyo iliingia kwenye jaribio kubwa. Januari 20 Rais Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90, na huduma za afya zilisimama katika nchi nyingi za Afrika hata kabla kesi hazijafika mbali. Julai Kongresi ilikubali kufuta takriban dola bilioni 9, sehemu kubwa ikiwa ya misaada ya nje. Mwishoni mwa Agosti Ikulu ikapeleka ombi jingine, la dola bilioni 4.9. Hesabu za kalenda ndizo zilizoamua: siku 45 zingepita Septemba 30, na fedha hizo, mwaka wa fedha ukiisha kabla hazijatumika, zingepoteza uhai. Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ilisema njia hiyo ni kinyume cha sheria. Septemba 26 Mahakama ya Juu iliruhusu takriban dola bilioni 4 ziendelee kushikiliwa kesi ikiendelea, na siku nne baadaye mwaka ukaisha. Kwa zahanati iliyokuwa ikisubiri dawa, suala la nani alikuwa na haki lingekuja likiwa limechelewa.

Anayetaka kuhakiki habari ya amri mpya aifungue amri yenyewe katika tovuti ya Federal Register, bila malipo. Kifungu cha mwanzo hutaja sheria ambayo Rais anaitegemea. Kikitaja Katiba peke yake kwa maneno ya jumla, tarajia kesi. Katikati, tazama vitenzi: waziri "aandae ripoti" ndani ya siku 60 ni tofauti kabisa na waziri "asitishe" mara moja. Kifungu cha mwisho karibu kila mara husema amri itekelezwe kwa kadiri sheria inavyoruhusu na fedha zinavyopatikana, na kwamba haimpi mtu yeyote haki ya kudai mahakamani.