Château Gaillard: Ngome ya Richard Moyo wa Simba na Jinsi Ilivyoanguka

Katika mji wa Les Andelys, kaskazini mwa Ufaransa, juu ya jabali jeupe la chokaa linaloinuka takriban mita 90 kutoka Mto Seine, yapo magofu ya Château Gaillard, ngome iliyojengwa kwa muda wa miaka 2 hivi, kati ya 1196 na 1198. Aliyeijenga, Richard Moyo wa Simba, alikuwa Mfalme wa Uingereza na pia mtawala wa jimbo la Normandy. Alikamatwa akirejea kutoka Vita vya Msalaba, na alipokuwa kifungoni, Mfalme Philip wa Pili wa Ufaransa aliitwaa ngome ya Gisors mwaka 1193, hivyo njia ya kuelekea Rouen, mji mkuu wa Normandy, ikabaki bila ulinzi wa kutosha. Richard alitaka kuziba pengo hilo haraka.

Ardhi yenyewe ilikuwa mali ya Askofu Mkuu wa Rouen, Walter de Coutances. Richard aliichukua bila ridhaa yake, na askofu akajibu kwa kusimamisha ibada katika Normandy yote. Mgogoro huo ulimalizika mwaka 1197 tu, mfalme alipomfidia kwa mji wa bandari wa Dieppe na mashamba mengine. Gharama za ujenzi zilifikia takriban pauni 12,000, kiasi kinachozidi fedha zote alizotumia kwa ngome zake za Uingereza katika utawala wake mzima.

Ngome iligawanywa katika nyua tatu zilizofuatana juu ya jabali, kila ua ukiwa na ukuta na handaki lake, ili adui aliyeuteka mmoja ajikute bado yuko nje ya mwingine. Kwa maoni yangu, kazi bora kuliko zote ni ukuta wa ua wa ndani. Uso wake haukunyooka, bali umefanywa mawimbi ya nusu duara yaliyoshikana, kiasi kwamba jiwe lililorushwa na mtambo lilielekea kuteleza pembeni badala ya kuupiga ukuta kwa nguvu zake zote, na askari aliyekuwa juu aliweza kulenga karibu kila sehemu ya chini. Mnara mkuu nao ulichongoka upande ambao adui angetokea, na juu yake palikuwa na matao yaliyoacha nafasi za kuangushia mawe moja kwa moja hadi kwenye kitako cha mnara, mtindo uliokuwa mpya kabisa katika Ulaya ya Magharibi wakati huo.

Richard alifariki Aprili 1199, na ngome ikabaki kwa mdogo wake, Mfalme John. Philip aliizingira mwaka 1203. Wakazi wa mji wa chini waliokimbilia ndani walitolewa nje na kamanda Roger de Lacy ili chakula kisiishe, na wengi wao walikufa kwa njaa na baridi kati ya kuta na majeshi ya Ufaransa, kabla Philip hajawaruhusu waliobaki waondoke. Tukio hili halipaswi kuachwa nyuma tunapousifu ustadi wa waashi.

Ua wa kwanza ulianguka baada ya Wafaransa kuchimba chini ya mnara wake, wakaushikiza kwa magogo, kisha wakayachoma ili mnara uporomoke. Wa pili uliingiliwa kupitia jengo ambalo John aliliongeza. Kwa ua wa tatu, kasoro ilikuwa ya Richard mwenyewe: daraja la kuingilia lilikuwa jabali lililoachwa bila kukatwa, na wachimbaji walijificha chini yake wakiudhoofisha ukuta. Ngome ilitekwa tarehe 6 Machi 1204, na Rouen ikasalimu amri mwezi Juni mwaka huohuo.

Baadaye Marguerite wa Burgundy, mke wa Mfalme Louis wa Kumi wa Ufaransa, alifungwa humo na kufia humo mwaka 1315, naye Mfalme David wa Pili wa Scotland akapewa hifadhi kuanzia 1334. Mwishoni mwa karne ya 16, Mfalme Henri wa Nne aliamuru ibomolewe isije ikawa maficho ya waasi, na watawa Wakapuchini wakaruhusiwa kuchukua mawe yake kwa majengo yao. Tangu 1862 magofu hayo yanalindwa kisheria kama urithi wa taifa, na sehemu ya ule ukuta wa mawimbi bado imesimama kuuzunguka mnara mkuu.