Vigae juu ya nyasi: mweleze mtoa bima kilicho chini

Mvua za Machi zikikaribia, fundi wa paa hapatikani kirahisi Kisumu, kuanzia Riat hadi Dunga. Siku hizi wengi wanaowatafuta si wenye nyumba mpya. Ni watu waliochoka kununua nyasi kila zinapooza, wakaamua kupigilia fito juu ya paa lilelile na kulifunika kwa vigae, basi. Nyasi zinabaki ndani kwa sababu zinatuliza joto na zinaokoa gharama ya dari. Kwa upande wa ujenzi hatuna neno. Shida huanza fomu ya bima inapojazwa, na malalamiko yanayotufikia sisi wa bima yameongezeka kiasi cha kutulazimu kuandika haya.

Kwenye fomu ya maombi kuna swali ambalo watu hulipita mbio: kuta zimejengwa kwa nini, na paa limeezekwa kwa nini. Mikataba mingi ya bima ya nyumba hapa nchini huchukulia kwamba kuta ni za mawe, matofali au saruji, na paa ni la vigae, mabati au saruji. Kisichoingia humo hukadiriwa kivyake, ada yake huwa juu, na kampuni nyingine hazikipokei kabisa. Mteja mwenye nyasi chini ya vigae huandika "vigae", akatia sahihi. Hatumshuku, akisimama barabarani anaona vigae. Lakini sisi tunakadiria paa zima, pamoja na kile anachokiona akilala chali kitandani.

Ni kweli kwamba kufunika nyasi kunapunguza hatari moja. Cheche kutoka shamba la jirani linalochomwa haziangukii tena nyasi kavu, na mkaguzi hulizingatia hilo. Moto unaotutia wasiwasi ni ule unaoanzia ndani. Mkaguzi akiinua kigae kimoja karibu na ukingo, mara nyingi anakuta nyasi zilizokauka hadi zinavunjika kwa vidole, waya wa taa umepitishwa katikati yake na kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na panya amekwisha kulitafuna ganda la waya huo. Hapo moto unaweza kufukuta bila mtu kuuona. Wazimamoto wakifika, maji wanayorusha yanateleza juu ya vigae, maana kazi ya vigae ndiyo hiyo, na inabidi paa libomolewe ndipo moto ufikiwe. Tena ukanda wetu wa Ziwa Victoria, hadi Kisii na Kakamega, si mgeni wa radi.

Halafu kuna uzito. Vigae vya udongo au saruji huwa na kilo 40 au zaidi kwa mita moja ya mraba, ilhali vile vya chuma vilivyopakwa changarawe ni kama kilo 7. Nguzo za mkaratusi zilizosimamishwa kubeba nyasi hazikuulizwa kama zitabeba vyote viwili. Paa likibonyea polepole kwa uzito, au kwa mchwa, au kwa unyevu uliofungiwa ndani ya nyasi, hilo kwa kawaida halilipwi. Bima ya nyumba hulipa tukio la ghafla, si uchakavu wala kazi mbovu ya fundi. Tumelisema hili mara nyingi.

Utetezi tunaousikia kuliko wote ni "wakala aliniambia haina shida." Maneno ya simu si mkataba. Kinachobadilisha mkataba ni nyongeza iliyoandikwa na kutolewa na kampuni yenyewe, yenye nambari ya mkataba wako na tarehe ya kuanza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kabla fundi hajapanda juu, andika barua au baruapepe ukieleza kwamba paa la nyasi linafunikwa, kwa vigae vya aina gani, na kama nyasi zinabaki au zinaondolewa. Ambatisha picha za paa kabla ya kazi, wakati fito zinapigiliwa na nyasi bado zinaonekana, na baada ya kumaliza. Picha ya katikati ndiyo watu husahau na ndiyo yenye maana kuliko zote. Ambatisha pia cheti cha fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, kuhusu nyaya za darini. Kampuni itatuma mkaguzi, kisha itakujibu kwa maandishi: inakubali, inakubali kwa masharti (mara nyingi kuhamisha nyaya na kuziweka ndani ya mabomba, au kuongeza ada), au inakataa. Ukiongezewa ada, lipa mara moja. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakimruhusu mtoa bima kubeba hatari kabla ya kupokea ada, kwa hiyo ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi haikulindi usiku wa leo. Juu ya ada kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na ya hazina ya kuwafidia wenye bima ya asilimia 0.25, na kwa mkataba mpya ushuru wa stempu wa shilingi 40. Hizo si zetu, msituulize kwa nini.

Usipoeleza, na jambo lenyewe likawa la kumfanya mtoa bima abadilishe ada au akatae, dai linaweza kukataliwa au mkataba ukahesabiwa kuwa haukuwapo. Kila mkataba una masharti yake, kwa hiyo soma wako.

Kiasi cha bima nacho kibadilishwe. Nyumba ambayo kuijenga upya kunagharimu shilingi 4,000,000, lakini imekatiwa bima ya 2,500,000 kwa sababu hesabu ni ya enzi za nyasi, ikipata hasara ya 800,000 italipwa 500,000 tu, kwa uwiano uleule, kabla ya kutoa sehemu unayobeba mwenyewe. Na tafadhali, bei ya kiwanja isiingizwe. Kiwanja hakiungui.

Walio ndani ya mji, iwe Kisumu au Nakuru, waulize ofisi ya mipango ya kaunti kama kazi hiyo inahitaji kibali. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtoza anayeanza ujenzi unaohitaji kibali bila kukipata faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na mkadiriaji wa hasara, yaani anayetumwa kupima hasara baada ya dai, anaweza kukuomba kibali hicho.

Dai lako likikataliwa na hukuridhika, lalamika kwanza kwa kampuni kwa maandishi, ukae na nakala, kisha uende kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA.

Jambo moja zaidi, kwa wenye boma. Fomu huuliza pia kuhusu majengo yaliyo jirani na nyumba. Jiko la nyasi lililo nyuma, ambako mama bado anapikia kwa kuni, liandikwe pamoja na umbali wake kwa mita, hata kama nyumba kubwa imewekwa vigae vipya.