Kwa nini kinyonga hakugeuka mwekundu juu ya khanga nyekundu?

Nilikuwa na miaka minane hivi. Mimi na binamu zangu tulimtoa kinyonga kwenye ua wa michongoma kwa kijiti, tukamweka juu ya khanga nyekundu ya bibi iliyokuwa imeanikwa kwenye majani. Tukachuchumaa kumzunguka, tukisubiri awe mwekundu. Alikuwa kijani kibichi. Akavimba, akaachama kinywa, madoa yakamtoka ubavuni, kisha polepole akawa mweusi kama mkaa. Tukakubaliana kwamba huyu ni mgonjwa, tutafute mwingine. Bibi alipotoka jikoni alimtazama mara moja tu, akasema: "Mmemuudhi huyo. Mrudisheni mtini."

Hata hivyo niliamini mpaka ukubwani kwamba kinyonga huiga rangi ya chochote anachokikanyaga. Lugha yenyewe hutufundisha hivyo: mtu anayebadili msimamo kulingana na watu alio nao tunamwita kinyonga. Na imani hii ni kongwe. Pliny, mwandishi wa Roma aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba kinyonga huchukua rangi ya kitu kilicho karibu naye, isipokuwa nyekundu na nyeupe. Kila nikikumbuka maneno hayo naiona ile khanga.

Imani hii inadumu kwa sababu macho yetu yanaithibitisha kila siku. Wa kijani tunamkuta kwenye majani, wa kahawia tunamkuta kwenye matawi makavu, nasi tunadhani amejigeuza ili afanane na hapo, kumbe mara nyingi hiyo ndiyo rangi yake akiwa ametulia, na hapo ndipo anapoishi. Ukitaka kuhakikisha, unamkamata. Hapo ndipo jaribio linapoharibika. Tangu kijiti kinapomgusa, mnyama yule hana utulivu tena. Anaona viumbe wakubwa wamemzingira. Mweke juu ya khanga nyekundu, juu ya shuka jeupe au juu ya sinia, atakuwa mweusi vilevile. Rangi tuliyoiona siku ile ilikuwa jibu lake kwetu sisi. Khanga haikuhusika.

Sasa, anabadilikaje? Kwa muda mrefu maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba ngozi yake ina vifuko vya rangi vinavyotanuka na kusinyaa. Kwa weusi, maelezo hayo yanakaribia ukweli: kuna seli zenye melanini, rangi ileile inayoipa ngozi yetu weusi, na seli hizo zina matawi yanayopanda kuelekea juu ya ngozi. Melanini ikijikusanya katikati ya seli, ni kama mwavuli uliofungwa. Ikisambaa hadi kwenye ncha za matawi, mwavuli umefunguka na kufunika kila kitu.

Lakini kijani kugeuka njano ni habari nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walichunguza aina moja ya kinyonga wa Madagaska, wakaonyesha kwamba ngozi yake ina seli zilizojaa fuwele ndogo mno za guanini. Unaijua guanini bila kujua jina lake: ndiyo inayowafanya dagaa wang'ae kama fedha. Fuwele hizo hazina rangi. Rangi inatokana na nafasi iliyopo kati yake.

Fikiria watu wanaopanda ngazi. Mtoto ana hatua fupi, mtu mzima ana hatua ndefu. Vidato vikikaribiana, mtoto atapanda vizuri na mtu mzima atajikwaa. Vikiachana, mambo yanageuka. Mwanga nao una hatua: mawimbi ya bluu ni mafupi, ya njano ni marefu zaidi, na ya mwekundu marefu kuliko yote. Kinyonga akiwa ametulia, fuwele zake zimesongamana, nazo hurudisha mawimbi mafupi, yaani bluu. Juu ya tabaka hilo kuna rangi ya njano ya kawaida, na fundi rangi yeyote atakwambia bluu na njano vikikutana huzaa kijani. Akipandwa na hasira, fuwele zinaachana, mawimbi marefu ndiyo yanayorudi, na katika dakika chache yule wa kijani amekuwa wa njano au rangi ya machungwa. Hakuna tone la rangi lililoongezwa. Ni umbali tu.

Kazi kubwa ya rangi hizi ni mawasiliano. Utafiti wa mwaka 2013 juu ya kinyonga wa Yemen ulionyesha kwamba madume ambayo vichwa vyao viling'aa zaidi na kwa kasi zaidi ndiyo yaliyoelekea kushinda mapambano. Kwa aina kadhaa, jike mwenye mimba hujitia rangi nzito kulikataa dume. Asubuhi ya baridi kinyonga huwa mweusi ili anase joto la jua.

Si kwamba hajifichi kabisa. Kuna kinyonga mdogo wa Afrika Kusini ambaye, akionyeshwa ndege mla nyama, hukaribia rangi ya mahali alipo kuliko akionyeshwa nyoka, ambaye haoni rangi vizuri kama ndege. Aina za vinyonga zinazidi 200, na zilizopimwa kwa makini hivi ni chache, kwa hiyo sitasema wote wako sawa. Kundi moja la Afrika Mashariki, lenye jamaa zake katika milima ya Usambara na Taita, tangu 2006 linaitwa kisayansi Kinyongia, neno letu lenyewe.

Ukitaka kuwaona, nenda usiku na tochi. Wakilala kwenye ncha za vitawi hupauka, wakaonekana weupe kati ya majani meusi. Ndiyo maana watafiti huwahesabu saa hizo, wakati hakuna aliyewagusa.